Kilomita 18 zilizoishia kwenye bajaji

Swali. Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Mikanjuni hapa Tanga, kazi yangu ni ya kukaa dukani kutwa. Nimejiandikisha nusu marathoni ya Moshi ya mwisho wa Februari na zimebaki wiki 14. Katikati ya wiki nakimbia kilomita 5 mara mbili, zikizidi mara tatu, na kilomita 10 naweza kuzimaliza kwa dakika 58. Nikaambiwa siri ya nusu marathoni ni mbio ndefu ya Jumapili, basi nikaanza kuirefusha: 8, 12, 15, halafu 18. Ya 18 sikuimaliza. Nilishika barabara ya Pongwe, na wakati wa kurudi, kama kwenye ya 14, ugoko wa kulia ukaanza kuwaka moto, nikarudi nyumbani kwa bajaji. Sasa ni wiki ya pili bado unauma. Niirefusheje mbio ndefu bila kuumia? Na je, ni lazima nifikishe 21 mazoezini kabla ya siku yenyewe?

Jibu. Marahaba, mwanangu, na pole kwa ugoko.

Nianze na la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi. Hapana, si lazima ufikishe 21. Mtu anayekimbia nusu marathoni yake ya kwanza, akifika 16 mpaka 18 bila kujikokota, kisha akapumzika vizuri wiki mbili za mwisho, atazimaliza zilizobaki. Siku ya mbio kuna watu pembeni wanaopiga kelele, kuna meza za maji, na miguu imepumzika. Jumapili ya mazoezi huna hata kimoja kati ya hivyo. Wapo wanaokimbia 21 na hata 25 kabla ya siku yenyewe, ila hao ni watu wa kilomita 60 na 70 kwa wiki. Wewe siku zako za katikati ukizijumlisha zote ni 10, ukijitahidi 15, na juu yake ukapachika 18. Ni kama kupandisha tenki la lita 1,000 juu ya mnara wa mirunda halafu ukashangaa umelala.

Sasa tupige hesabu ya ngazi zako. Kutoka 8 kwenda 12 umeongeza nusu nzima. Kutoka 12 kwenda 15 ni robo. Kutoka 15 kwenda 18 ni moja ya tano. Ndani ya wiki tatu mbio yako ndefu imekuwa zaidi ya mara mbili. Kuna kanuni ya zamani ambayo kila kocha ameikuta: usiongeze jumla ya kilomita za wiki kwa zaidi ya asilimia 10. Si kanuni mbaya, ila inachungulia dirisha la pembeni. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000 kupitia saa zao za mkononi, na majeraha hayakuonekana kufuata kupanda kwa jumla ya wiki. Yalifuata mbio moja: ile inayozidi kwa zaidi ya asilimia 10 mbio ndefu kuliko zote ulizokimbia ndani ya siku 30 zilizopita. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha vitu vinavyoandamana, haumalizi mjadala. Hata hivyo unalingana kabisa na ninachokiona kwa wakimbiaji wangu. Ukiwauliza wanaokuja wakichechemea, wengi wanaikumbuka mbio yenyewe, siku yenyewe, hata njia waliyopita. Wewe umeniandikia mpaka kilomita.

Kinachowadanganya watu ni pumzi. Moyo na damu hujifunza upesi. Wiki tatu, nne, unajisikia mtu mpya, unapanda ngazi za ghorofani bila kuhema. Misuli nayo haichelewi sana. Kano na mifupa ni wanafunzi wa nyuma darasani, wanahitaji miezi. Na mfupa una tabia moja ambayo wengi hawaijui: ukiutwisha mzigo mpya, kwanza unabomoa sehemu ya zamani ndipo ujenge mpya. Hapo katikati, wiki kadhaa baada ya kuanza, unakuwa dhaifu kidogo kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Wiki hizo hizo ndizo pumzi inakunong'oneza kwamba leo tunaweza kufika Pongwe.

Nami nilifunzwa na mguu wangu mwenyewe. Nikiwa na miaka 26 nilibishana na mwenzangu, nikakimbia Tanga hadi Muheza, kilomita thelathini na kitu, ilhali nilikuwa sijawahi kuvuka 15. Nilifika. Nikakaa chini stendi nikala machungwa sita mfululizo nikijiona mwanamume wa shoka. Siku ya tano kushuka kitandani ikawa kazi. Hospitali niliyokwenda wakanipiga eksirei wakaniambia mfupa mzima, nikashukuru Mungu, nikarudi barabarani. Wiki tatu baadaye picha ya pili ikaonyesha ufa. Aliyeisoma picha ya kwanza hakukosea, maana ufa wa uchovu mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki za mwanzo. Niliyekosea ni mimi, niliyekwenda kutafuta ruhusa badala ya tiba.

Kwa hiyo kabla hatujazungumza kilomita yoyote, fanya hivi leo usiku. Kaa kitandani, kunja goti, pitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa ugoko, kuanzia juu ya kifundo cha mguu ukipanda. Bonyeza, sogea, bonyeza tena. Kama maumivu yametandaa sehemu ndefu, kiasi cha kiganja kizima, na ukianza kutembea asubuhi yanapungua mguu unapopata joto, basi huenda ni ule utando unaofunika mfupa pamoja na misuli inayojishika hapo ndiyo imechokozwa. Hiyo tunaweza kuishi nayo tukiipunguzia kazi. Lakini ukikuta mahali pamoja padogo kama sarafu ambapo ukibonyeza unaruka, au panauma usiku ukiwa umelala, au huwezi kurukaruka kwa mguu huo mmoja, acha kukimbia kabisa na uende hospitali. Wakikuambia eksirei ni safi na pale padogo bado pakiuma, umesoma yaliyonipata.

Nitachukulia kwamba ni ile ya kwanza.

Wiki hii hukimbii. Una baiskeli? Swali la kipuuzi kumuuliza mtu wa Tanga. Endesha dakika 40 mara tatu, kwa mwendo wa kutoka jasho, si ule wa kwenda sokoni. Na kila jioni simama kwenye kizingiti au ngazi, visigino vikiwa hewani, panda kwa vidole vya miguu na ushuke polepole, mara 15, pumzika, rudia, mpaka raundi tatu. Kigimbi chenye nguvu hupokea mshindo ambao sasa hivi unaishia kwenye ugoko. Zoezi hili liendelee hadi wiki ya 12, hata ugoko ukishapona. Watu huliacha siku maumivu yanapokwisha, kisha wananiandikia tena mwezi wa tatu.

Wiki ya pili, ukiweza kutembea haraka nusu saa bila maumivu, ndipo tunaanza, na tunaanzia 9. Najua inauma kurudi nyuma hivyo wakati ulishagusa 15. Ile 15 haimo kwenye hesabu yangu kwa kuwa mguu wako haukuikubali. Ikienda vizuri: 9, halafu 10, halafu 11. Wiki ya tano unashuka hadi 8. Wiki ya sita 12, ya saba 13, ya nane 14. Wiki ya tisa unashuka tena, 10. Kisha 15, kisha 16 na nusu, na wiki ya 12 ndiyo 18. Wiki ya 13 unakimbia 12 tu, na Jumapili inayofuata uko Moshi. Ukizipiga hesabu utaona kila hatua ya kupanda inazunguka kwenye ile asilimia 10 au chini yake, na zile Jumapili mbili za kushuka zimewekwa pale ambapo mwili huwa na madeni ya kulipa. Usizifute kwa sababu unajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi yake.

Ikitokea umeugua malaria, au msiba umekupeleka Korogwe wiki nzima, usiruke ngazi ili ukute ratiba. Rudi kwenye mbio ndefu ya mwisho uliyoimaliza vizuri, ikimbie tena, endelea kutoka hapo. Ukifika Moshi ukiwa na 15 tu za juu kabisa, utamaliza, kwa kutembea kidogo. Ukifika na 18 na ugoko wa kuchechemea, utaishia tena kwenye chombo cha moto, na safari hii si bajaji, ni gari la wagonjwa.

Mbio ndefu lakini haisimami peke yake, na hapa ndipo kwenye kiini cha jibu langu. Tatizo lako halikuwa Jumapili tu, lilikuwa pia Jumanne na Alhamisi zilizobaki vilevile huku Jumapili inanenepa. Napenda mbio ndefu isifike nusu ya kilomita zote za wiki. Vitabu vingi vinataka theluthi, ila theluthi kwa mtu anayefungua duka saa mbili asubuhi ni ndoto. Wiki ya pili anza na 5 Jumanne na 5 Alhamisi. Wiki ya nne ongeza siku ya tatu, Ijumaa au Jumamosi, kilomita 3 au 4 za kujinyoosha tu. Taratibu Jumanne ifike 7, Alhamisi 8, ile ya tatu 5. Ukifika wiki ya 12 una 20 chini ya miguu kabla Jumapili haijafika, na 18 inakaa juu yake bila mnara kuyumba. Kipimo changu ni Jumanne. Ikiwa Jumanne huwezi kukimbia mwepesi kwa sababu ya Jumapili, basi ile Jumapili ilikuwa kubwa mno au ilikuwa ya kasi mno.

Na kwako naona kasi. Hukuniambia ulikuwa ukikimbia kwa kasi gani, lakini mtu wa kilomita 10 kwa dakika 58 akiambiwa mbio ndefu, mara nyingi huenda kwa kasi ile ile, chini kidogo ya dakika 6 kwa kilomita, mpaka pumzi imfukuze. Mbio zako ndefu ziwe kati ya dakika 6 na sekunde 45 hadi 7 na robo kwa kilomita, na Januari zikifika 7 na nusu usione haya. Mwendo huo ndio unaootesha mishipa midogo ya damu ndani ya misuli na kuufundisha mwili kuchoma mafuta, ile akiba ya wanga ikae muda mrefu. Akiba hiyo kwa mtu anayekwenda kwa kasi humtosha saa moja na nusu hivi, mara chache mbili, kisha miguu inageuka magogo. Saa si lazima. Taja kwa sauti barabara za Ngamiani, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili, kwa pumzi za kawaida kama unamwelekeza mgeni. Ukilazimika kumeza hewa kwenye ya tano, punguza.

Jirani zako watakupita. Kuna klabu za jogingi zinazotoka Jumapili na filimbi na nyimbo, na raha ya kukimbia nyuma ya wimbo naijua, nimeimba sana. Lakini kundi lina mwendo wa yule mwenye nguvu kuliko wote, halina mwendo wako. Kimbia nao kilomita nne za kwanza, waache waende.

Tunaye Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni, na kila ninapofundisha mwendo namtaja, kwa heshima. Kwenye marathoni ya Boston, Marekani, alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 alikosa ushindi kwa sekunde moja tu nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Mwaka 1990 alishuka ile miteremko ya mwanzo ya Boston kwa kasi ya kutisha, na baadaye Mwitaliano Gelindo Bordin akamfuata akampita. Huyo ni Ikangaa, mtu aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 1. Kisha mtazame Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025: kilomita 42 zote, na dhahabu ya dunia ikaamuliwa kwa picha ya mstari wa mwisho, yeye na Mjerumani Amanal Petros wamepewa muda uleule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Alikuwa na kitu kilichobaki miguuni pale ambapo wengine walikuwa wamekwisha. Wewe hushindani na mtu, lakini kilomita ya 18 ya Moshi itakuuliza swali lile lile.

Njia. Barabara ya Pongwe ni ya malori, ni nyoofu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba kila hatua ya kwenda unadaiwa ya kurudi. Kijana mwenye damu moto akifika 9 anajisikia bado, anaongeza moja, na hiyo moja ni mbili. Mbio ndefu ifanye ya kuzunguka. Toka Mikanjuni shuka mjini, pita Mkwakwani, fuata bahari mpaka Raskazone, rudi kupitia Bombo, na upange mzunguko wako upite karibu na nyumbani au dukani kwako kwenye kilomita kama ya 9 au 10. Pale mwachie mlinzi chupa ya maji. Mguu ukigoma uko mtaani kwako, hauko katikati ya mashamba ya mkonge unapungia mkono magari. Raskazone alfajiri ina upepo wa bahari, na kivuli cha miti kinakusubiri jua linapotoka. Kimbia upande wa kulia, ukitazamana na magari yanayokuja, kwa sababu bodaboda wa saa kumi na moja mara nyingine hana taa. Lakini ukingo wa lami huwa umelala upande, na mguu mmoja ukikanyaga chini zaidi ya mwenzake kilomita 15, ugoko na nyonga vinajua. Pasipo na gari panda katikati, au tafuta njia ya vumbi iliyoshindiliwa.

Sasa joto, ambalo kwa Tanga ndilo nusu ya kazi. Wiki zako 14 zinaanzia kwenye vuli na kuishia katikati ya kaskazi, yaani unajenga kilomita zako kubwa katika miezi mibaya kuliko yote kwa mkimbiaji wa pwani. Wenzako wanaojiandaa kwa mbio za Julai wana kusi inawapepea. Januari mchana ni nyuzi 32 na zaidi, ila shida hasa ni unyevu: jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili, linakulowesha tu. Jua la Januari linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, na saa mbili limeshakuwa kali. Ukiswali Alfajiri ukatoka moja kwa moja, mbio inayochukua saa mbili unaimaliza saa moja na nusu asubuhi hivi. Ukichelewa kwa saa moja, kata kilomita tatu, na sikutanii. Kutembea dakika moja kila baada ya kilomita mbili hakufuti mbio. Moyo unashuka, unakunywa bila kupaliwa, unaendelea.

Kiasi cha maji sikupi kwa kubahatisha, utakipima. Jumapili moja ya kilomita 12, kabla ya kutoka pima uzito ukiwa na kaptula tu. Kama nyumbani huna mzani, nenda famasi iliyo karibu au kwa wale vijana wa pima uzito, ujue tu watakushangaa alfajiri. Ukirudi jifute jasho, pima tena. Kila kilo iliyopotea ni karibu lita moja ya jasho, ongeza na ulichokunywa njiani. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akipoteza kilo mbili na nusu kwa saa na nusu, akidhani ni mvivu. Si lazima urudishe yote ukiwa unakimbia; ukipoteza kilo moja na kitu, mwili wa kilo 70 unavumilia. Na kunywa kupita jasho lako ni hatari ya upande wa pili, maji matupu mengi hupunguza chumvi kwenye damu hadi mtu akaanguka. Mbio ikizidi saa moja na robo, chupa ya nusu lita yenye sukari na chumvi kidogo, au chumvichumvi za pakiti zile za kuharisha, na tende nne tano kwenye mfuko. Tende moja kila dakika 15 kuanzia dakika ya 40, usisubiri njaa. Jaribu hayo yote mazoezini, kwa sababu tumbo nalo lina siku yake ya kwanza, na usitake siku hiyo iwe Moshi. Kabla ya kutoka ndizi mbivu na chai ya rangi inatosha. Uji mzito wa asubuhi utaukuta tena Raskazone. Ukirudi, kula ndani ya saa moja: mahamri na mbaazi ni chakula halali kabisa cha mkimbiaji, pamoja na yai au samaki, na dafu juu yake.

Miaka hii Ramadhani inatukuta Februari. Kama unafunga na mwezi ukaandama kabla hujamaliza zile ndefu, zihamishie usiku baada ya Tarawehe, kwa njia yenye taa, na ukate robo ya kilomita. Mbio fupi ziwe nusu saa kabla ya adhana ya Magharibi ili umalizie kwenye futari. Kufunga au kutofunga ukiwa safarini siku ya mbio ni swali la sheikh wako. La kwangu ni la mwili tu: kilomita 21 bila tone la maji sizishauri kwa mtu yeyote.

Moshi yenyewe ina jambo ambalo Tanga haitakufundisha. Nusu marathoni ile inapanda kuelekea Mweka kisha inarudi ikiteremka. Urefu wa mji kutoka usawa wa bahari, mita 800 na kitu, hautakusumbua sana, na hewa ya asubuhi kule baada ya Januari ya Tanga utaiona zawadi. Kitakachokusumbua ni mwinuko usiokwisha, na zaidi yake ni mteremko. Kushuka ndiko kunakochana misuli ya mbele ya paja, kwa sababu kila hatua ni breki. Kwa hiyo Jumapili mbili, wiki ya nane na ya 11, panda gari la alfajiri, upite Muheza hadi pale barabara ya kwenda Amani inapoanza kupanda mlima. Siku hizo usihesabu kilomita, hesabu dakika: wiki ya nane kimbia saa moja na dakika 35, wiki ya 11 saa moja na dakika 50. Nusu ya muda unapanda kwa hatua fupi, kwa pumzi ile ile ya kutaja barabara, hata ikibidi utembee. Nusu unashuka kwa hatua fupi vilevile, bila kujitupa. Mvua ikiwa imenyesha njia ile ni tope la utelezi, ahirisha. Ukipita kwenye machungwa wakati wa kurudi, kula mawili. Sita ni mengi.

Viatu sina mengi. Vya mtumba sivikatai, nimevivaa maisha yangu yote, ila vishike kisigino na ncha ukunje na kuvisokota kama unakamua nguo. Vikijisokota vyote bila ubishi, soli imekufa hata kama juu vinang'aa. Siku ya mbio usivae kipya. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye chuchu. Utanicheka mpaka Jumapili ya wiki ya 11, fulana ikiwa imelowa chapachapa, ndipo utaelewa kwa nini wanaume wanarudi na madoa mawili mekundu kifuani.

Na kila Jumapili, kuanzia ile 9 ya kwanza, funga elfu tatu kwenye kipande cha nailoni uiingize ndani ya soksi ya kushoto. Ugoko ukianza kuwaka kabla ya mwisho, simamisha bajaji siku ile ile, kilomita ile ile, usijaribu kumalizia kwa kuchechemea. Safari iliyopita hilo ndilo jambo moja ulilofanya sawasawa.